Mafuriko ya Worcester na dalali wa Kigogo

Sisi wabongo wa majuu tuna tabia moja. Mvua ikipiga Dar, zile video za bonde la Jangwani zikianza kuzunguka kwenye magrupu, mtu kabebwa mgongoni anavushwa kwa buku, basi la mwendokasi limezima katikati ya maji, basi dakika mbili hazipiti unaona mtu wa Reading au Leicester kaandika "huku kwa wenzetu mambo haya hakuna, wenzetu wamejipanga". Hakuna wapi bwana? Mimi nakaa Birmingham miaka sasa na sijaona winta imepita hapa Uingereza bila mto fulani kuingia ndani kwa watu. Mafuriko yapo, tena kuna miji inajulikana kabisa kwamba ule ni wa kufurika, watu wanaitaja kama sisi tunavyoitaja Jangwani. Tofauti ipo ila sio hiyo mnayoisema, na mimi nimeielewa kwa sababu ya jambo moja la ajabu ambalo watu wa huku wanalifanya, nalo ni kwenda kuyaangalia.

Yaani kuyaangalia kabisa, kama matembezi. Jumapili ya Januari, mvua haijakata tangu katikati ya wiki, saa kumi jioni giza limeshaanza kuingia, watoto wamechoka kukaa ndani na sisi tumechoka kelele zao, jirani yangu mzee wa Kiingereza akaniambia mto Severn umejaa, wapeleke watoto mji wa Worcester wakaone. Kaongea kwa sauti ileile anayotumia kuniambia waridi zake zimechanua. Mke wangu akasema huyu mzee ana akili kweli, tutoke kwenye hita na mvua yote hii twende kutazama maji? Kesho yake mchana tukaenda, maana shule zilikuwa bado hazijafunguliwa. Magambuti nyuma ya gari, chai ya tangawizi kwenye chupa, vitumbua vya jana, watoto wanagombania chaja, tukashika barabara kuu ya M5 kuelekea kusini na waipa zinakwenda kwa kasi ya mwisho na bado kila lori likikupita linakumwagia maji hadi huoni mbele. Mashamba ya pembeni yote yameshakuwa mabwawa, kondoo wamejibana kwenye kamlima, na mimi moyoni najiambia hawa watoto wakiumwa kifua nitaanzia wapi kujieleza.

Tupo njiani dada yangu akapiga video, mtoto wa mama mkubwa, anakaa Kigogo kule bondeni. Mke wangu akapokea. Mpo wapi? Tunaenda kuangalia mafuriko, wifi. Kimya. Halafu akaanza: "Kuangalia mafuriko? Nyie majuu yamewaharibu kweli, njooni kwangu mwezi wa nne muyaangalie bure mkiwa mmelala kitandani." Tulicheka sana ndani ya gari. Ila ukweli ni kwamba kule kwetu hakuna mtu aliyewahi kuvaa viatu akaenda kuyatazama, maana hayakupi nafasi ya kutazama, ukishtuka wewe ndio unatazamwa.

Sasa ukisimama kwenye daraja la Worcester, upande wa juu wa mto kuna uwanja wa mbio za farasi unaitwa Pitchcroft, farasi wanashindana pale tangu 1718. Siku ile ulikuwa ziwa, yale mabomba meupe ya kuongoza farasi yanachungulia vichwa tu na mabatamaji wanakatiza pale ambapo watu huwa wanapoteza hela zao za kubeti. Upande wa chini, ng'ambo ya mto, kuna uwanja wa kriketi wa New Road, wa klabu ya Worcestershire, nao umezama, na ng'ambo yake kanisa kuu limesimama kavu juu ya kilima kana kwamba halihusiki. Watu wamejaa darajani na miavuli, wazee kwa vijana, mtu na mbwa wake, mama anasukuma mtoto kwenye kigari, wanaonyeshana kwa vidole hapo ndipo benchi lilipo, hapo ndipo mgahawa ulipo. Hakuna anayelia. Na nilipomuuliza mzee mmoja pembeni yangu kwani klabu inavumiliaje hii hali akanitazama kama nimeuliza kwa nini mvua inalowesha. Jengo lao jipya la mwaka 2009 wamelinyanyua juu ya nguzo ili maji yapite chini, na msimu wa 2024 maji yalipokataa kutoka mapema walihamishia mechi za mwanzo Kidderminster, mji wa jirani, basi, maisha yakaendelea.

Hapo ndio nikaikumbuka Yanga. Makao makuu yao yapo Jangwani, uwanja wa Kaunda upo pale pale, masika ikikolea maji yanaingia, hadi watani wa Simba wakawapa jina la vyura. (Mto wenyewe unaitwa Msimbazi, jina la mtaa wa Simba, halafu unawafurikia Yanga, hapo watani waliokota dhahabu.) Kwa hiyo Worcester nao wana Yanga yao, klabu kubwa ya mjini iliyokaa kwenye njia ya mto, hatujapishana hata kidogo. Tunapopishana ni pembeni ya klabu. Pembeni ya New Road kuna majani. Pembeni ya Kaunda, ukifuata mto kupanda juu, Magomeni, Kigogo, Tabata hadi Vingunguti, kuna vyumba vya kupanga, na ndani ya chumba kuna mama, watoto, friji, godoro na mtungi wa gesi.

Mtu atasema hao si ni wavamizi tu, si walikatazwa kukaa bondeni? Hebu ngoja.

Worcester, chini ya kanisa kuu, kuna lango la mawe la zamani la kushukia mtoni. Siku ile hatukulifikia maana njia yenyewe ilikuwa chini ya maji, ila kiangazi nimeshapita pale, na ukutani wamepigilia vibao vidogo vinavyoonyesha maji yalifika wapi mwaka gani. Kuna cha 1770. Kuna cha 1947, yale ya theluji iliyoyeyuka mwezi wa tatu. Mtu yeyote, mtoto wa shule, mgeni, mlevi wa usiku, anapita pale anaona kwa macho yake kwamba maji yalifika HAPA. Halafu ile kazi ya vibao siku hizi imehamia kwenye simu, ukurasa wa serikali unakuonyesha kimo cha Severn pale Worcester, kinapimwa kila dakika 15, na onyo lipo la ngazi tatu, la kwanza jiandae, la pili chukua hatua, la tatu maisha yapo hatarini. Jirani yangu huwa anaufungua asubuhi kabla ya gazeti, na yeye mwenyewe anakaa mlimani, mto hauwezi kumfikia hata ukitaka. Na kabla hujanunua nyumba, au hata kama unataka kupanga tu, unaandika postikodi, unaambiwa hatari ya mafuriko hapo ikoje, bure, na anayeuza nyumba anajaza fomu ambayo ina swali kabisa, je hapa pamewahi kufurika? Ukidanganya ukagundulika unaweza kupelekwa mahakamani.

Sasa njoo Kigogo mwezi wa nane. Pakavu. Upepo mzuri unatoka bondeni, watoto wanacheza mpira kwenye mchanga, Kariakoo hata kwa mguu unafika, na chumba kodi yake nusu ya kule juu barabarani. Dalali kasimama na funguo mkononi. Unamuuliza kaka, hapa maji vipi? "Hapa? Hapa maji hayafiki bosi, yanaishia kule kwenye mgomba." Mgomba wenyewe upo hatua thelathini. Na ukuta umepakwa rangi mpya, unanukia vizuri, unaona mwenye nyumba msafi huyu, kumbe ile rangi ina kazi yake, imefunika mstari wa tope. Unatoa kodi ya miezi sita, unatoa na mwezi mmoja wa dalali, unahamia. Mwezi wa nne saa nane za usiku unaamshwa na ndala zako zinaelea. Dada yangu ndivyo alivyoingia pale, na sio mjinga, ni mwanamke anayehesabu chenji mara mbili, lakini angemkatalia dalali kwa kutumia nini? Majirani nao wakiulizwa wanajua mwenye nyumba anasikiliza.

Desemba 2011 watu kama 40 walikufa Dar kwenye mafuriko yale, mamlaka ya hali ya hewa ikasema mvua ya namna ile haikuwahi kupimwa kwa zaidi ya miaka 50, familia zikapelekwa Mabwepande kule karibu na Bunju, wengine viwanja vikawashinda kwa umbali wakauza wakarudi mjini. Hili sio jambo dogo, ni tukio ambalo kila mtu mzima wa Magomeni analo la kusimulia. Mimi nimekulia Magomeni. Niambieni ni nguzo gani, ukuta gani, daraja gani limeandikwa 2011 maji yalifika hapa. Mimi sijaliona. Rangi ya serikali niliyoiona mimi kwenye kuta za bondeni ni X nyekundu, zile za mwishoni mwa 2015, tingatinga liliposhuka Mkwajuni watu wakilala nje na makabati yao. Yaani kukwambia kwamba maji yanafika hatukwambii, tunasubiri ujenge, uzae, uweke umeme, ndio tuje na ndoo ya rangi.

Ndio maana hili neno "wavamizi" mimi huwa linanikera. Asilimia kubwa ya wanaolia kwenye zile video hawakuvamia chochote, ni wapangaji, walilipa.

Kwa upande mwingine sitaki kuwapaka hawa Waingereza mafuta wasiyostahili. Kwanza mto wao ni wa polepole. Severn una kilomita 354, unaanzia milimani Wales huko, mvua ikipiga kule maji yanachukua siku kadhaa kufika Worcester, kwa hiyo una muda wa kununua mkate, kupandisha sofa juu, hata kumpigia shangazi aje kumchukua paka. Msimbazi una kama kilomita 35 tu kutoka milima ya Pugu hadi daraja la Selander. Pugu ikinyesha jioni, usiku huo huo Jangwani wanajua. Ukichukua utaratibu wa Severn ukaubandika Msimbazi kama ulivyo utakuwa umefanya maonyesho tu.

Pili, hawa nao walishaaibika. Kutoka Worcester tulishuka na A38 kuelekea Upton, mji mdogo mzuri wenye baa nyingi kuliko maduka, pale mtoni kuna ukuta wa kuzuia maji ambao juu wameweka vioo ili watu wa baa wasikose kuuona mto, na kweli tulisimama pembeni ya kioo maji yapo upande wa pili yamepanda kuliko barabara tuliyosimama, mwanangu wa kwanza akakigonga kioo nikamwambia acha, acha kabisa. Huo ukuta ulikamilika 2012. Kabla yake Upton walikuwa wanategemea vizuizi vya kuunganisha vinavyoletwa na malori, na Julai 2007 ilipopiga mvua kubwa kuliko kawaida vile vizuizi vilikuwa stoo Kidderminster, malori yakatoka, yakakwama kwenye foleni ya M5 maana barabara yenyewe ilishafurika, watu maelfu walilala ndani ya magari usiku ule. Vizuizi havikufika. Ingetokea Dar tungesema "Bongo bwana". Na wiki hiyo hiyo pale Tewkesbury, mbele kidogo, ambako mito ya Severn na Avon inakutana, mji ukageuka kisiwa, lile kanisa lao la zamani limebaki na maji pande zote, na mtambo wa maji safi wa Mythe ukazama, watu kama 350,000 wakakaa bila maji ya bomba, wengine zaidi ya wiki mbili, jeshi linagawa chupa, maji yamezunguka nyumba na hakuna ya kunywa. Watu walikufa pia. Baada ya hapo ndio ikaundwa tume, ripoti ikatoka 2008 ina mapendekezo 92, na mengi yakafanyiwa kazi kweli, sio kwa sababu wana damu tofauti na sisi, ila waliona aibu hadharani na aibu ikaandikwa.

Na bado wanajenga mabondeni, msidanganyike. Ukipita hayo maeneo unaona bango la nyumba mpya, familia inatabasamu, na dimbwi nyuma ya bango. Wameweka mpango wa bima tangu 2016 wa kusaidia nyumba za maeneo ya mafuriko zipate bima kwa bei ya kubebeka, ila nyumba iliyojengwa kuanzia 2009 haimo, kusudi wajenzi wasijenge bondeni wakitegemea wenzao watalipa. Akili nzuri. Anayeumia ni aliyenunua hiyo nyumba mpya bila kusoma.

Kitu kimoja ambacho kwa kweli tumewazidi ni jua. Maji yakiingia nyumbani huku Januari hayakaushwi na kitu, wanavunja plasta hadi nusu ya ukuta, wanang'oa mbao za chini, wanaweka mashine za kunyonya unyevu zinavuma mchana na usiku, na mwenye nyumba anahamia hotelini au kwenye karavani miezi kadhaa, nimefanya kazi na dada mmoja wa Kipoland alikuwa kwenye hali hiyo, alihesabu Krismasi na Pasaka ndani ya karavani. Kule kwetu godoro linaanikwa juu ya bati, jioni linalaliwa. Linanuka, ndio, na kipindupindu hakina haraka, kinakuja baada ya kamera kuondoka, ila mtu anarudi kwake siku ya tatu. Hivyo mtu akikuuliza wapi mafuriko yanauma zaidi usimjibu haraka. Huku yanauma mwenye bima kwa muda mrefu. Kule yanauma asiye na kitu kwa usiku mmoja, na usiku huo unatosha kumrudisha nyuma miaka.

Sasa najua kuna mradi wa Bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, kuna daraja jipya la Jangwani la kunyanyua barabara, kuna bustani kubwa inapangwa pale bondeni, watu wamefanyiwa tathmini na wengine wameshalipwa wameondoka. Mimi naunga mkono, tena ile bustani ndio Pitchcroft yetu, sehemu ya mto kulala bila kumlalia mtu. Ila fidia ya nyumba analipwa mwenye nyumba. Mpangaji anachukua godoro lake anaenda kutafuta chumba kingine rahisi, na chumba rahisi Dar kipo wapi? Kipo kwenye bonde lingine, Mto Ng'ombe, mabonde ya Mbezi, na dalali yupo pale ameshika funguo, ni Agosti, pakavu.

Kwa hiyo mimi katika hizo hela zote naomba kitu kidogo sana, ndoo kadhaa za rangi. Kila daraja na kila kivuko cha Msimbazi na vijito vyake nguzo ipigwe mistari ya mita, mwaka na kimo, 2011 hapa, mwaka fulani hapa, herufi kubwa mtu aone akiwa kwenye bajaji. Na kule juu Pugu na Gongo la Mboto awepo mtu anayelipwa, maji yakigusa mstari fulani anatuma ujumbe kwa wajumbe na wenyeviti wa mitaa ya chini, saa mbili tu zinatosha kumtoa bibi kitandani, na mjumbe wetu anajua bibi yupo chumba kipi, hilo hata ukurasa wa serikali ya huku haulijui.

Tukiwa njiani kurudi nikampigia dada nikamweleza haya yote kwa hamasa, watoto wamelala nyuma na magambuti miguuni. Akanisikiliza hadi mwisho. Akaniambia hata mkiandika watu watakaa tu mdogo wangu, chumba cha elfu arobaini nitakipata wapi pengine? Nikamwambia sawa, kaa, ila ungekaa ukijua, ungelipa miezi mitatu badala ya sita, friji ungeliweka juu ya matofali, na hiyo elfu arobaini ungeishusha hadi ishirini na tano maana dalali asingekuwa na la kusema. Hapo akafikiri kidogo. Halafu akasema mwenye nyumba wangu ukimwekea alama ukutani asubuhi, jioni ameshapaka rangi juu yake. Na kwa hilo namuamini, anamjua kuliko mimi, ndio maana nasema alama ikae kwenye nguzo ya daraja, mali ya serikali, sio ukutani kwa mtu.